Anayefungua mlango: mwongozo wa kuwafunza wafanyakazi wa mabweni kumpokea kila mwanafunzi

Siku ya kupokea wanafunzi wapya mapokezi ya bweni hujaa. Mabegi yamezagaa sakafuni, wazazi wanauliza maswali matatu kwa mpigo, na karani anasoma majina kutoka kwenye orodha. Anafika kwenye jina moja, anasita, anajaribu silabi mbili, anaacha. "Hili jina mbona gumu hivi! Basi wewe tutakuita Mgeni." Foleni inacheka. Msichana mwenye jina lake anacheka pia, anapokea ufunguo, anapanda ngazi.

Nilikuwa nimesimama palepale na sikusema neno, nikidhani ni utani wa kawaida. Kufikia wiki ya tatu ghorofa nzima ilikuwa ikimwita Mgeni. Muhula wa pili ulipokaribia aliomba kuhama. Alipokuja kurudisha ufunguo nikamuuliza sababu, akanijibu kwa upole: "Hapa hakuna anayejua jina langu."

Karani yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amehudhuria mafunzo niliyoyaandaa mimi mwenyewe: siku nzima ya hotuba kuhusu usawa, bahasha ya makaratasi kwa kila mtu, na picha ya pamoja jioni. Alijua maana ya ubaguzi na angeweza kuieleza vizuri. Asichokuwa nacho ni mazoezi ya kutamka jina la mtu huku watu arobaini wanasubiri. Tangu hapo nimebadilisha namna ninavyofundisha, na hatua zifuatazo zimetokana na mabadiliko hayo. Zimeandikwa kwa ajili ya msimamizi yeyote wa bweni, matroni, patroni au afisa wa huduma za wanafunzi anayetakiwa kuwaandaa watu wake kabla milango haijafunguliwa.

Hatua ya 1: Sikiliza bweni kabla hujaandaa somo

Anza wiki sita hadi nane kabla ya wanafunzi kufika. Chukua daftari la maombi ya kuhama vyumba la mwaka uliopita na uandike mambo matatu tu: nani alihama, kutoka ghorofa gani, na baada ya muda gani. Mara nyingi utaona mpangilio fulani. Huenda waliohama wanatoka ghorofa moja, au wanazungumza lugha moja, au wana ulemavu. Usikimbilie kulaumu. Iweke karatasi hiyo, utaihitaji.

Kisha zungumza na wanafunzi sita hadi kumi waliowahi kukaa hapo, mmoja mmoja, faraghani. Usiwachague wale wanaokuja kwenye kila sherehe. Tafuta wale ambao sura zao unazijua ila sauti zao huzijui. Swali moja limenisaidia kuliko mengine yote: "Ni sehemu gani ya bweni ulikuwa unaikwepa, na kwa nini?" Utasikia habari za jiko la pamoja ambalo mtu alichekwa kwa sababu ya harufu ya chakula chake. Utasikia habari za chumba cha televisheni ambacho kundi moja limekifanya mali yake, na za bafu ambalo komeo lake halifungi. La komeo halihitaji mafunzo, linahitaji fundi. Litengenezwe kabla ya kitu kingine chochote, maana wafanyakazi watakuamini zaidi ukiwaita kwenye somo la heshima baada ya kutengeneza mlango wa bafu.

Hatua ya 2: Mwite kila mwenye ufunguo

Kosa linalojirudia ni kuwafundisha wasaidizi wa bweni peke yao, yaani wale wanafunzi wenzao wanaopewa kazi ya kuangalia ghorofa. Lakini mlinzi wa usiku ndiye anayeamua nani aulizwe kitambulisho na nani apite tu. Mfanya usafi ndiye wa kwanza kugundua kwamba mwanafunzi fulani hajatoka kitandani siku ya nne. Fundi anaingia vyumbani mchana na kuona mkeka wa sala, dawa mezani, au godoro limelazwa chini kwa sababu watu wawili hawataki kulala karibu. Ukiwaacha hao nje, umefundisha nusu ya bweni.

Panga awamu mbili ili zamu zisikatike, na saa za mafunzo zilipwe kama saa za kazi. Tumia lugha ambayo kila mmoja chumbani anaielewa vizuri, hata kama maofisa wamezoea nyingine. Na mkikaa kwenye duara, mpe nafasi ya kwanza ya kuzungumza mtu wa siku nyingi kazini. Fundi aliyefanya kazi miaka ishirini anajua mambo ya bweni hilo ambayo wewe na mimi hatutayakuta kwenye faili lolote, na vijana wakimsikia akizungumza wanajifunza heshima bila kuhubiriwa.

Hatua ya 3: Waanze na maisha yao

Dakika thelathini zinatosha. Kila mmoja akumbuke mahali alipowahi kufika akajiona hatakiwi: nyumba, darasa, kazi. Amwambie jirani yake mambo mawili: nini hasa kilifanyika, na nani, kama yupo, alifanya kitu kikapunguza uchungu. Asiyetaka kueleza asilazimishwe. Andika ubaoni majibu ya swali la pili tu. Mara nyingi ni mambo madogo sana: mtu alisogea akamwachia nafasi kwenye benchi, mtu alimfasiria kilichokuwa kinasemwa. Orodha hiyo ibaki ukutani siku zote za mafunzo.

Hatua ya 4: Majina na maneno ya kwanza

Hapa siruki chochote. Gawa orodha halisi ya wanafunzi wanaotarajiwa na mwambie kila mfanyakazi achague majina matano asiyoweza kuyatamka. Kisha wafanye mazoezi ya sentensi hii kwa sauti, wakitazamana: "Naomba unitamkie jina lako, nataka nilitaje sawasawa." Mwenye jina anatamka, mfanyakazi anarudia, anauliza kama amepatia, anaandika pembeni jinsi linavyosikika. Inachukua sekunde kumi na tano. Hakuna kucheka, hakuna kusema jina ni gumu, hakuna kulifupisha bila ruhusa. Ukikosea, sema "samahani", rekebisha, endelea na kazi. Kuomba radhi kwa dakika mbili mbele ya foleni kunamfanya mwanafunzi aanze kukubembeleza wewe.

Baada ya majina, pitieni maneno yanayomwekea mtu ukuta hata pale msemaji anapokuwa na nia njema. "Wazazi wako wanakuja lini?" Wengine hawana wazazi, au hawasemezani nao. Uliza, "Kuna mtu anakusaidia kuhamia leo?" Kwenye fomu, badala ya nafasi ya baba na mama, weka "mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura". Maswali yanayoanza na "Kwani ninyi huko kwenu..." yaachwe kabisa, kwa sababu yanamgeuza kijana wa miaka kumi na minane kuwa balozi wa watu asiowajua wote. Na anapokuja mwanafunzi mwenye ulemavu pamoja na msaidizi, salamu na maswali yaende kwa mwanafunzi. Hata kama mkalimani wa lugha ya alama yupo, anayetazamwa ni kiziwi mwenyewe.

Hatua ya 5: Milango iliyofungwa

Hii ndiyo roho ya mafunzo. Ukiwa na siku tatu, ipe siku nzima. Utaratibu wake unatumika katika mabweni ya vyuo vya nchi nyingi na ni rahisi: watu wenye uzoefu wanaingia vyumbani na kuigiza tatizo, mfanyakazi mpya anapewa habari fupi nje, anagonga, anaingia, anashughulikia. Baada ya dakika saba hadi kumi mnasimama na kuzungumza. Tumia vyumba halisi vya bweni, maana kuigiza ukumbini hakumfundishi mtu kugonga mlango.

Andika matukio kutokana na ile karatasi ya hatua ya kwanza. Haya ni baadhi ya ninayoyatumia: wanafunzi wawili wanamwigiza mwenzao wa chumbani anavyozungumza, naye yupo kitandani ameugeukia ukuta. Mwanafunzi anayefunga anaamka kula kabla ya alfajiri, mwenzake analalamika kwamba taa inamuamsha. Maneno ya kashfa yameandikwa kwenye mlango wa mtu. Kijana anakuja kusema hana hela ya kula hadi mwisho wa mwezi, huku akiomba "asiambiwe mtu".

Nikuonyeshe tukio la kwanza linavyokwenda. Msaidizi mpya anagonga. Ndani kuna kicheko, kinakatika. Anaingia, anasema, "Jamani, punguzeni kelele," anageuka kutoka. Ninamsimamisha na kumuuliza: umeona nini? "Kelele." Na aliyelala? "Amelala." Tunamuuliza aliyeigiza mtu wa kitandani, naye anasema: "Nilikuwa nasubiri aniangalie." Tunarudia. Safari hii msaidizi anaingia, anaangalia vitanda vyote vitatu, anawaambia wale wawili bila kupandisha sauti: "Nimesikia mnamwigiza. Acheni. Hapa hatumchezei mtu namna anavyozungumza." Anatoka, anarudi baada ya nusu saa kumtafuta wa tatu akiwa peke yake, nje ya chumba, anamuuliza hali yake na anachotaka kifanyike. Mara ya tatu anafanya vilevile ila mikono haimtetemeki. Kurudia mara tatu ni lazima. Mara ya kwanza mtu anajua makosa yake, mara ya pili anajua la kufanya, na mara ya tatu ndipo mwili wake unalizoea.

Waeleze pia kwa nini watu wema hunyamaza. Mwaka 1968 wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo huko New York. Mwanafunzi alikaa chumbani peke yake, akawasikia wenzake kupitia kipaza sauti, kisha mmoja akasikika kama anapatwa na kifafa. Waliodhani wako peke yao na mgonjwa, 85% walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia, 31% tu. Bweni ni mahali ambapo kila mara kuna wengine wanaosikia. Ndiyo maana mfanyakazi wa bweni anapewa jukumu kwa jina lake: zamu ya leo ni ya nani, ghorofa hii ni ya nani.

Tahadhari moja: usimpe mtu kuigiza dhuluma iliyompata yeye. Waulize mapema, kwa siri, na umwache kila mmoja aondoke bila maelezo.

Hatua ya 6: Makubaliano ya chumba

Vyuo vingi huwapa wanaokaa pamoja fomu ya kujaza, nao huijaza kwa dakika tatu wakiandika "tutaheshimiana". Fomu hiyo haisaidii kitu. Mfundishe msaidizi akae nao, ndani ya siku kumi za kwanza, na aulize mambo yanayoshikika: taa inazimwa saa ngapi? Nani akitaka kusali afanye wapi na saa ngapi, na asiyesali afanye nini wakati huo? Wageni walale au wasilale? Vitu gani vinaazimwa na vipi haviguswi? Mmoja akikasirika, anapenda aambiwe papo hapo au kesho yake? Kila jibu liandikwe kwa maneno yao. Wiki ya sita warudie kusoma na kubadilisha.

Msimamizi atakutana na kishawishi hapa: kuwaweka pamoja wanaofanana ili apate amani. Utafiti wa Natalie Shook na Russell Fazio, uliochapishwa mwaka 2008, uliwafuatilia wanafunzi wapya wazungu wa chuo kikuu cha Marekani waliopangiwa vyumba kwa bahati nasibu. Waliokaa na mwenzao mweusi waliridhika kidogo kuliko waliokaa na mzungu mwenzao, na walitumia muda mchache pamoja. Hata hivyo, muda ulivyokwenda, chuki yao isiyo ya makusudi ilipungua na wasiwasi wao pia. Ninawaeleza wafanyakazi pande zote mbili za matokeo hayo. Ugumu wa wiki za kwanza ni wa kweli na unahitaji mtu wa kuusimamia. Ila ugumu wa kuzoeana usichanganywe na uonevu. Mtu anayedhalilishwa anahamishiwa mahali salama akitaka, na haambiwi avumilie ili mwenzake ajifunze.

Hatua ya 7: Tembeeni jengo

Chukueni kiti cha magurudumu na mzunguke nacho, kuanzia lango hadi kitandani, hadi chooni, hadi chumba cha kufulia. Afadhali zaidi, mlipeni mtu anayekitumia kila siku awaongoze na kuwaambia anachokiona. Bebeni futi kamba. Mlango unahitaji uwazi wa sentimita 80 angalau, na mteremko wa kupandia usiwe mkali kuliko 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kupanda ipate sentimita kumi na mbili za urefu. Angalieni ndoo, pipa na mbao za matangazo zilizoachwa kwenye korido. Kwa asiyeona, ndoo iliyohamishwa ni ajali.

Kisha ulizeni kuhusu moto. Kiziwi atajuaje kengele imelia saa nane usiku? Kama hakuna taa ya kumulika, nani atamgongea, na huyo asipokuwepo? Anayeishi ghorofa ya tatu na lifti haitumiki wakati wa moto, atashukaje? Kila mmoja wao awe na mpango ulioandikwa naye mwenyewe, ukafanyiwa mazoezi, na nakala iwe kwa mlinzi wa zamu.

Jengo pia huamua nani atakuwa na marafiki. Mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake walichunguza nyumba za wanafunzi wenye ndoa katika chuo cha MIT, Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 1950. Mlango kwa mlango, 41% walitajana kuwa marafiki. Waliotenganishwa na mlango mmoja, 22%. Waliokaa ncha mbili za korido moja, 10%. Waliokaa karibu na ngazi walijuana zaidi na watu wa juu. Sasa tazama ramani yako: chumba pekee chenye mlango mpana kipo wapi? Kama kipo nyuma, mwisho wa korido, karibu na stoo, basi mwanafunzi wa kiti cha magurudumu ametengwa na ramani kabla hajafika. Mara nyingine dawa ni ndogo: hamisha meza ya chai au sehemu ya kuchukulia barua ije upande ule.

Hatua ya 8: Siri na mipaka yake

Somo fupi lakini lisirukwe. Mfanyakazi asiahidi siri kabla hajasikia. Afundishwe kusema: "Nitakusikiliza, na sitasambaza habari zako. Ila ukiniambia kwamba wewe au mtu mwingine yuko hatarini, nitalazimika kumshirikisha mtu mmoja, na nitakuambia ni nani." Wapeni majina na nambari za mshauri nasaha, muuguzi na msimamizi wa zamu, kwenye kadi ya mfukoni.

Wengi huogopa kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua, wakidhani watampandikizia wazo. Kuuliza waziwazi hakupandikizi wazo, na mara nyingi humpa mtu nafuu ya kusema. Wafanye mazoezi ya kulitamka swali hilo wawili wawili hadi litoke bila kigugumizi. Baada ya hapo kazi yao ni kukaa naye na kumfikisha kwa mtaalamu, wala si kumtibu.

Hatua ya 9: Shughuli zinazochanganya watu kweli

Usiku wa utamaduni, kila kundi na meza yake, unapendeza kwenye picha, lakini watu wanarudi vyumbani na kundi walilokuja nalo. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza hali nne zinazofanya mkutano wa watu tofauti upunguze chuki: wawe na hadhi sawa pale walipo, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wakubwa waliunge mkono jambo hilo waziwazi. Mpe kila msaidizi kazi ya kupanga shughuli moja yenye yote manne. Kupaka rangi chumba cha kusomea, timu za usafi zilizochanganywa kwa bahati nasibu, ghorofa kuandaa mlo mmoja kwa ajili ya ghorofa nyingine. Na wewe msimamizi uwepo, ushike brashi.

Zingatieni pia gharama na muda. Shughuli zote zikihitaji mchango wa fedha, wasio nazo watasema "nina kazi ya darasani". Zote zikiwekwa siku moja ya wiki, kuna watakaozikosa daima kwa sababu ya ibada.

Hatua ya 10: Rudini baada ya wiki sita

Mafunzo ya kabla ya kufungua ni nusu ya kazi. Kaeni saa moja kila wiki mbili, mlete tukio moja lililotokea kweli, bila majina, mlipitie kama mlivyopitia milango iliyofungwa. Mfanyakazi aliyekosea asiaibishwe mbele ya wenzake. Arudie tukio lilelile hadi alipatie.

Wiki ya sita mpe kila msaidizi karatasi tupu. Achore ghorofa yake, mlango kwa mlango, na aandike kwa kumbukumbu jina la kila anayelala humo, pamoja na jambo moja aliloambiwa na mtu huyo mwenyewe. Apewe dakika ishirini, bila orodha wala simu. Asikusanye mtu karatasi hizo wala kuzipa alama. Vyumba vilivyobaki vitupu ndivyo vya kugonga jioni hiyo, mapema kabla watu hawajalala, kwa sababu halali: kuuliza kama dirisha linafunga vizuri, kama taa inawaka, na, kama jina halikumbukwi, kuliomba tena: "Naomba unitamkie jina lako, nataka nilitaje sawasawa."